Sauti Yangu Kwenye Spika ya Shabani

Kaka Leonsi, wewe uliyejichimbia Kibondo,

Dereva wa basi ndiye aliyenieleza kwamba uko huko, unafyatua matofali na huimbi tena. Namba yako haipatikani. Basi nakuandikia barua isiyofungwa, ipite kwa dereva, kwa kondakta, na kwa abiria yeyote atakayeona safari ni ndefu. Mimi na siri wapi na wapi? Kasulu nzima imeshanisikia.

Unakumbuka ulivyoutunga ule wimbo? Tulikuwa Muyama, tunapalilia maharage ya mama. Ulikuwa unaimba mstari, unausahau, nami nakurudishia kutoka tuta la pili. Ukacheka, ukasema, "Sinta, wewe ndiyo redio yangu." Nilivimba kichwa msimu mzima kwa neno hilo.

Nilipoolewa Kasulu, mama akabaki kule bondeni ambako mtandao haushiki, na kusoma hajui. Tukamnunulia simu ya Kichina, tukawa tunamtumia sauti zetu kwenye memori kadi, tumeifunga ndani ya kipande cha kitenge, mtu wa bodaboda akaipeleka. Na masharti yake unayajua: "Msiniletee maneno makavu. Anzeni na wimbo." Ndiyo maana siku ile nami nilianza na wimbo. Nikauimba wa kwako, wote, kwa Kiha chetu, kisha nikamwambia lililokuwa linanikaba.

Nalirudia hapa kwa sababu wa kulificha hayupo tena. Mama alikuwa ananiletea mizizi niichemshe ninywe, nipate mtoto. Nilikunywa hadi nikachoka. Nikamwambia kwamba tumepima hospitali mimi na Yohana, mimi sina tatizo, tatizo liko kwa mume wangu, na kwamba nimemwahidi sitamwambia mtu. Nikamwambia mama peke yake.

Krismasi ilipokaribia, uliichukua ile kadi ukaipeleka dukani kwa Shabani, yule anayewawekea watu nyimbo, ajaze za kwaya. Shabani ana desturi yake, wala si ya ubaya: kabla ya kukuwekea nyimbo, anahamishia kwanza kwenye kompyuta vitu vyako vyote visije vikapotea, anaviandika jina la mwenyewe. Kumbe nami nikawekwa humo, chini ya jina la mama.

Halafu mwaka jana, 2014, wakaja wale wakaguzi wa hakimiliki. Uliwaita wewe, na sikulaumu kwa kuwaita. Kila bodaboda alikuwa anapiga wimbo wako, kila harusi, nawe unavaa viatu vilivyotoboka. Haki ilikuwa yako. Ila nimewaza sana tangu siku ile: mtu akiibiwa kuku, ndiyo aingie hadi chini ya vitanda vya watu kumtafuta? Walifungua kila kitu kwenye ile kompyuta, wakakipiga kwenye spika iliyotazama barabarani, siku ya soko, ili wewe uonyeshe kilicho chako.

Nilikuwa duka la tatu, nachagua uzi. Nikasikia sauti yangu inaimba. Kaka, nisikudanganye, mwanzoni nilifurahi. Nikakuona umesimama pale kifua mbele, unamwambia mkaguzi, "Huu ni wangu, bwana, anayeimba ni mdogo wangu." Akasema wimbo uachwe uishe, akainama kuandika. Wimbo ukaisha, nikaanza kusema, naye akaendelea kuandika, maana ni mtu wa mbali na Kiha hakijui. Alidhani bado ni wimbo. Wauza nyanya wote walikuwa wanakijua.

Shabani alikurupuka kuchomoa waya. Askari waliyekuja naye akamdaka mkono. "Mzee, usiharibu ushahidi!" Nawe ulisimama mdomo wazi hadi sauti yangu ikamaliza, hadi nikamuaga mama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na uzi wangu mkononi.

Ulikuja mlangoni kwangu, ukaivunja CD yako yenye wimbo ule vipande viwili, ukaviacha kizingitini, ukaondoka.

Sasa nikuambie ninavyoishi. Nikifika sokoni, wanawake wanakatisha mazungumzo, kisha wananisalimia kwa heshima iliyozidi. Mwaka huu wa kampeni, kila gari la matangazo likipita mtaani naingia ndani kama mjinga, nangoja nijisikie tena. Aibu yangu ningeibeba. Ya Yohana ndiyo inanishinda. Unajua yeye ni fundi wa vitanda. Vijana wakipita karakana yake wanasema, "Fundi anawachongea wenzake." Nawe unajua alivyo, anaendelea kupiga randa. Mimi nimebaki ndani, chakula chake napika, uso wangu sijui niuweke wapi. Nilimpigia magoti. Akaninyanyua, akasema, "Ulimwambia mama yako. Mama si mtaa." Bora angenipiga kofi, nadhani, kuliko wema ule. Mpaka leo akinitazama machoni naangalia pembeni.

Na wimbo wako umepotea, kaka. Kompyuta ya Shabani ilichukuliwa, na siku hiyohiyo watu wakaogopa wakafuta kadi zao zote. Bodaboda siku hizi wanapiga nyimbo za Dar tu. Ulitaka wasikuibie, na kweli hawakuibii.

Juma lililopita nilikwenda Muyama mwenyewe, maana kurekodi siwezi tena. Mama amedhoofika. Hajui kilichotokea, nimemwambia umepata kazi ya mbali. Akakaa jikoni, akasema, "Anza na wimbo." Nikaanza. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili haukuja. Nikaurudia wa kwanza, nikajikwaa palepale. Mama akachochea moto, akasema taratibu, "Huo ni wa Leonsi. Yeye hajaniimbia siku nyingi." Nikalia, nikasingizia moshi.

Nilipomsimulia Yohana, aliweka randa chini. Akasema nikuandikie, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie shemeji, aliyeaibishwa ni mimi, na mimi nipo hapahapa, kila asubuhi nafungua karakana. Yeye anamkimbia nani?"

Njoo, kaka. Maharage ya mama yanataka palizi. Ushike tuta la kwanza, nami nitakuwa la pili. Simu tutaziacha nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
redio yako iliyosahau ubeti wa pili.