Jalada Ulilolifunga kwa Mkono Wako

Mali bila daftari hupotea bila habari, husemwa. Kwetu ilikuwa kinyume: kaka yako alikuwa na daftari lake, nene, limefungwa kwa kamba mbili, na ndilo lililompoteza bila habari.

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu ulipoegemeza kichwa ukutani kwenye benchi la zahanati ukingoja zamu yako. Nesi aliita jina lako mara tatu. Hukuinuka.

Mtaani walikuita Mzee Kamba. Hukutupa kamba hata moja. Risiti za umeme, ripoti zetu za shule, kadi za kliniki za mama zetu: kila kitu kilikuwa na jalada, na namba, na fundo lako la pembeni ambalo hakuna aliyeweza kuliiga. Jirani akipoteza cheti cha kuzaliwa alikuja kwako kwanza. "Kaa," ulimwambia, "karatasi haina haraka." Ulituchongea penseli kwa wembe. Chai yako uliipoza kwenye kisosi.

Takataka hukuzichoma kamwe. Jirani akiwasha za kwake ulifunga madirisha yote ukakaa ndani na joto lako. "Babu anaogopa moshi kama nyuki!" tulikutania. Ulicheka pamoja nasi. Hatukujua tunacheka nini.

Wiki yako ya mwisho ulinieleza, mimi mjukuu wako ninayeandika haya, kwa sauti ile ile uliyosomea bili. Ulikuwa karani wa masjala katika ofisi ya Waingereza. Kaka yako walimkamata kwa kuwaambia wapagazi wagome. Jalada lake likaletwa kwako, ukalifunga. Miaka minne ikapita, hakurudi.

Bendera yao ilipokaribia kushushwa, mliamriwa kubeba masanduku hadi kwenye tanuri nyuma ya ofisi. Siku ya kwanza ukaliona fundo lako mwenyewe. Namba 417. Humo ndani kulikuwa na jina la kambi alikopelekwa, na mahali alipozikwa, kama alizikwa. Hukulifungua. Karani hafungui jalada ambalo hajaagizwa kulifungua. Tena rejesta ilikuwapo, nayo iliandika kila mfungwa yuko wapi. Ukajiambia: karatasi ziende, rejesta itabaki. Ukalitupa motoni.

Siku ya tatu wakakupa rejesta. Nayo ukaitupa. Kisha wakakupa nondo uponde majivu, lisisomeke neno. Ukaponda.

Waliondoka na mikono safi, wakatuachia yako.

Mdogo wako wa kike, Bibi Mdogo wetu, hajaacha kuuliza kaka yake alizikwa wapi. Ameuliza polisi, ameuliza wabunge, ameuliza kila aliyevaa tai. Aliuliza hata sebuleni kwako, nawe unapoza chai. Mwaka juzi aliwaandikia Waingereza wenyewe. Jibu lilikuja kwenye bahasha nzuri: hawana kumbukumbu yoyote inayoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kushikiliwa.

Nilipomweleza alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Alijua?"

"Alijua lilivyoungua, Bibi. Mahali penyewe hakupajua."

"Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namwomba maji mtu aliyekalia kisima kikavu." Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Liandike gazetini. Na namba uiweke."

Mwanao wa kwanza, Baba Mkubwa wetu, hakutaka.

"Kumbukumbu ni ya kumsifu marehemu, si ya kufukua makaburi!"

"Kaburi lipi, Baba Mkubwa? Tungekuwa nalo, tungeandika haya?"

"Usinijibu kama mwenzio! Unamvua nguo baba yangu mbele ya watu."

Akasema tangazo hili la gazetini liishie na ombi la radhi kwa ukoo na kwa wasomaji, la sivyo yeye asitajwe.

Hatukuchukii, Babu. Hatujalia sana pia. Tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Jumapili tunajaribu kuzifunga karatasi zako upya. Fundo linafunguka. Tunaziacha hivyo.

Ulikuwa mpole. Uliwatunzia watu vyeti vyao. Ulichoma jalada la kaka yako. Yote matatu ni wewe, na hatutaki kubaki na mawili.

Unakumbukwa na dada yako, Bibi Mdogo. Na wanao watatu, Baba Mkubwa akiwa wa kwanza. Na wakwe zako, wajukuu tisa, na majirani ambao vyeti vyao bado viko kabatini kwako, waje wavichukue. Daima tutakukumbuka, na kaka yako pamoja nawe. Jalada namba 417, kamba mbili, fundo la pembeni. Sasa limeandikwa mahali.

Baba Mkubwa, nimekutaja. Radhi siombi.