Njia ya Mtoni na Mtu Anayebisha Hodi

Leeds, 12 Machi 1994

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Bibi mkiwa wazima, na goti lako limeacha ukaidi wake. Mimi ni mzima, ingawa sauti imenikauka: Jumanne tulikaa saa tisa nzima sakafuni mwa ofisi ya mkuu wa chuo kudai maktaba isifungwe, na haikufungwa.

Mama amenipigia simu. Ati Bwana Lassiter, aliyenunua shamba la marehemu Gethin Probert, ametia kufuli kwenye lango la njia ya mtoni? Njia ile inayotoka kanisani Orlbridge, ikapita chini ya mierebi, ikafika hadi kijiji jirani cha Knell? Njia mliyonifundishia kutembea? Nani amemwambia kwamba mtu akinunua nyasi amenunua na nyayo za watu?

Sikiliza, Babu. Sheria iko upande wetu. Njia ikitembewa na watu kwa miaka ishirini bila kukatizwa, bila nguvu, bila kificho, na bila kuomba ruhusa ya mtu, basi ni njia ya wote, na hakuna kufuli duniani linaloweza kuifunga. Nimeambatisha fomu thelathini za ushahidi. Zigawe kijijini, kila mtu aandike aliyoyaona kwa miguu yake, kisha uzipeleke halmashauri ya kaunti. Usikubali jibu la "nitafikiria". Watu wa Orlbridge wamefikiria vya kutosha, sasa waandike!

Mjukuu wako,
Philippa

*

Orlbridge, 20 Machi 1994

Mjukuu wangu Jemadari,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunashukuru. Goti linauma mvua ikinyesha, na wewe unaijua mvua ya hapa. Bibi yako anakusalimu sana. Anasema yeye si mtu wa barua wala wa fomu, ana mikono imejaa unga, lakini anauliza kama unakula.

Tangu lango lifungwe, asubuhi namzungusha mbwa kwenye kabichi zangu, mizunguko kumi na minne. Moss ananitazama kama mtu aliyeajiriwa kazi nyingine akapewa hii. Simlaumu. Mdiria, yule ndege mvuvi wa pale kwenye kivuko, sijamwona tangu Januari, na sijui kama yeye ananikumbuka.

Fomu ishirini na nane zimejazwa. Hata Winifred wa posta, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu yeyote, amejaza. Yangu nimeijaza kwa uangalifu kuliko zote. Nimeeleza kwamba nimepita njia ile tangu mwaka 1953, na kwamba kila majira ya kuchipua nilikwenda kwa Gethin na chupa ya jamu ya plamu, nikabisha hodi, nikamwomba ruhusa ya kupita mwaka ule. Mtu hawezi kukatiza shamba la mwenzake kama mbuzi aliyekata kamba.

Babu yako

*

Leeds, 23 Machi 1994

Babu,

Shikamoo. Ni mzima, ila nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama.

Uliomba ruhusa? Kila mwaka? Na jamu juu yake? Babu, hilo ndilo neno moja ambalo wakili wa Lassiter angelitafuta kwa tochi, na wewe umemwandikia kwa mkono wako, kwa herufi nzuri! Aliyeomba ruhusa amekiri kwamba njia haikuwa yake. Atasimama mbele ya mkaguzi atakayeamua aseme: tazameni, watu wa Orlbridge wenyewe walijua kwamba hupita kwa hisani ya mwenye shamba. Adabu yako imefanya kazi ambayo kufuli lilishindwa.

Ikiwa fomu haijaondoka, ichane. Jaza nyingine, na mstari wa jamu usiwemo. Sikuambii useme uongo. Nakuambia unyamaze mahali pamoja tu. Kijiji kizima kisikose njia yake kwa sababu ya chupa ya jamu!

Mjukuu wako,
Philippa

*

Orlbridge, 2 Aprili 1994

Philippa,

Tu wazima. Fomu nimeipeleka mwenyewe kaunti, pamoja na zote. Swali la kumi na moja liliuliza kama niliomba ruhusa. Niliomba.

R. Tranter

*

Leeds, 9 Mei 1994

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Hali yangu ni njema ya mwili. Ya moyo siyo. Nimeandika barua nne na kuzichana zote, kwa kuwa kila moja ilianza kukuhutubia badala ya kukuomba radhi. Hii ya tano ni fupi. Nilikutaka ufanye jambo ambalo, kama mkuu wa chuo angelifanya, ningekwenda kukaa sakafuni kwake. Nisamehe.

Jumapili ya kwanza ya Mei imepita, siku ya kijiji kizima kutembea hadi Knell. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia imepita bila matembezi. Naogopa kuuliza, lakini nauliza: mlifanya nini?

Mjukuu wako anayekupenda,
Philippa

*

Orlbridge, 14 Mei 1994

Mjukuu wangu Jemadari,

Marahaba, marahaba. Yameisha. Hata mimi nilichana mbili.

Tulitembea! Tulifika hadi langoni, watu sitini na mbili na mbwa tisa, tukatandika shuka palepale mbele ya kufuli, tukala mikate ya mayai na keki ya Bibi yako. Winifred akalitazama kufuli akasema, "Zuri sana, lingefaa mdomo wa mume wangu." Mumewe akajibu, "Nimeambiwa ufunguo unao wewe." Tulicheka hadi kondoo wakasogea mbali. Lakini wakati wa kurudi nilimwona Bibi yako amesimama peke yake, ameshika mbao za vipandio vile vya kuruka ua, anatazama ng'ambo. Unajua si kawaida yake.

Kaunti wamesema kutakuwa na kikao mwakani, mbele ya mkaguzi. Nitaulizwa, na nitajibu. Kama njia itapotea kwa sababu yangu, nitalazimika kuishi humu kijijini nikilijua hilo. Nimelala nalo vizuri kuliko nilivyodhani, lakini si vizuri sana.

Babu yako

*

Leeds, 3 Mei 1995

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi nimechoka tu. Mitihani ya mwisho imetuparamia. Na sasa pigo: kikao chenu ni tarehe tisa, na asubuhi hiyohiyo nina mtihani wa historia ya sheria za ardhi. Nitakuwa nimekaa chumbani naandika jinsi watu wa kawaida walivyonyang'anywa njia zao, nanyi mtakuwa ukumbini mnaipigania ya kwenu!

Sina hotuba ya kukutumia. Waambie yaliyotokea, kama ulivyoyaandika. Njia iliyohitaji babu yangu afiche jambo nisingependa kuipita. Tukishindwa, nitakuja kuzunguka kabichi pamoja nawe na Moss.

Mjukuu wako,
Philippa

*

Orlbridge, 25 Juni 1995

Philippa,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Babu yako ni mzima, Moss ni mzima, mimi ni mzima. Nimeosha mikono nikakaa, kwa kuwa yeye angekusimulia nusu tu, kwa haya. Unakula?

Ukumbi wa kijiji ulijaa hadi dirishani. Wakili wa Lassiter alimsimamisha babu yako mapema, akamuuliza habari za jamu. Akajibu kila kitu, hata aina ya plamu. Watu wakainamisha vichwa. Alirudi kukaa karibu nami, mkono wake baridi kama samaki. Wengine wakaitwa mmoja mmoja, wote walipita bila kumwomba mtu, lakini wakili akasema, "Labda wamesahau. Bwana Tranter ana kumbukumbu nzuri kuliko wao."

Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya matope halisi, akauliza kama yupo mwingine wa kusema. Nikasimama. Babu yako akanivuta sketi. "Enid, hukujaza fomu." Nikamwambia, "Reuben, achia sketi."

Wakili akasema, "Bi. Tranter, mumeo amekiri kwamba aliomba ruhusa kila mwaka."

"Aliomba."

"Nawe ulikuwa wapi akiomba?"

"Ng'ambo ya vipandio, namsubiri. Vidole vinaganda."

"Wewe hukuomba?"

"Niombe nini, kijana? Nilikuwa nimeshapita."

Ukumbi uliangua kicheko hadi Winifred akakohoa. Yule mkaguzi akauliza kama Gethin alikuwa akiniona. Nikamwambia alikuwa akiniona vizuri sana kutoka dirishani kwake, huku akimmiminia mume wangu chai. Hakunikataza, hakuniruhusu, hakunisemesha. Kwa miaka mingapi? Arobaini na mmoja, nikasema. Niliolewa na mtu anayebisha hodi, na mimi sina subira.

Uamuzi umefika juzi. Njia ni ya wote. Na nakunakilia mstari mmoja, uusome ukiwa umekaa: mkaguzi ameandika kwamba kwa kuwa Bwana Tranter alisema wazi hata jambo lililomwumiza, haoni sababu ya kutowaamini majirani zake waliosema hawakuomba. Babu yako ameusoma, akatoka nje, akakaa na kabichi zake muda mrefu.

Watu husema moto wako umeutoa chuo kikuu. Waache waseme.

Leo asubuhi kufuli limeondolewa, tukaenda. Tulipofika vipandioni nikageuka, babu yako hayupo. Nikamwona anapanda kuelekea nyumba ya Lassiter, na chupa ya jamu mkononi. Nikapiga kelele, "Reuben Tranter! Baada ya yote haya?" Akanipungia mkono tu.

Basi nikavuka, nikasubiri ng'ambo. Mdiria akapita juu ya maji, mara mbili. Kisha wakaja wawili: babu yako mbele, na nyuma yake Bwana Lassiter, amevaa mabuti mapya ambayo karatasi ya duka bado inaning'inia, anatazama chini kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

"Umemwomba ruhusa tena?" nikamnong'oneza.

"La," akasema babu yako. "Nimemwomba atembee nasi. Hajawahi kufika Knell."

Bibi yako,
Enid