Nne na Sita Hazikutani

Baba,

Mama anavaa koti lako akienda kisimani. Mimi nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Basi shamba la mpunga la Magamba nalitunza mimi, na huko ndiko nilikoanza kumshuku Baba Mdogo kwamba anatuibia maji. Tangu msiba wako hakanyagi kwetu.

Zamu za mfereji nilizikuta zimepangwa: yeye kila siku ya nne, sisi kila siku ya sita. Kila nikifika, majaruba yetu yamekauka, na juu ya tuta kuna nyayo kubwa. Mpunga ukaanza kugeuka njano. Jirani akanitania, "Binti, unalima mpunga au vumbi?" Mwezi mzima sikumwona Baba Mdogo hata mara moja. Kumvizia sikuweza, ulisema kwenda mferejini siku ya mwenzako ni kumwita mwizi.

Nikapanga punje za mahindi sakafuni, kama ulivyonifundisha. Yeye siku ya kwanza, ya tano, ya tisa. Sisi ya pili, ya nane, ya kumi na nne. Yake witiri, yetu shufwa, milele. Nne na sita zote zinagawanyika kwa mbili, ndiyo maana zinaweza kukwepana.

Unakumbuka nilidhani lazima namba ziwe tasa? Ukanisahihisha: "Nne na tisa si tasa, mwanangu, lakini hakuna kinachozigawa zote mbili ila moja. Namba za hivyo, zianze popote, zitakutana tu."

Nikamwomba mgawa maji zamu yetu iwe kila siku ya tano. Kwa nne na tano, ndani ya siku ishirini hana pa kukwepa.

Tulikutana siku ya kumi na saba ya hesabu mpya. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta letu, anaziba tundu kwa udongo. "Kaa hawa! Naziba, wanatoboa tena, maji yenu yanavuja yote." Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ningekuambia lini, mama? Hatuonani." Nikamwambia yeye ndiye aliyepanga hivyo. Akacheka bila furaha. "Mimi? Hesabu hizo nazijulia wapi? Alipanga baba yako."

Baba.

Simwamini bado. Lakini aliyeijua hesabu ile ni wewe. Mlikosana nini? Nimemuuliza Mama, akainamia sufuria.

Pumzika, sikulazimishi kujibu. Ila zamu ya siku tano sitairudisha. Kila baada ya siku ishirini tutaziba matundu pamoja, mimi na ndugu yako, nami nitakuwa naiangalia mikono yake.

Binti yako