Matundu ya Fundi Saa

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua piano. Mke wangu kauliza nani ataipiga. Nikamwambia hakuna, inajipiga yenyewe. Kanitazama vile anavyotazama maziwa yaliyochacha. Kasema, Baba watoto, nyumba hii tayari ina mmoja anayejipigia kelele mwenyewe.

Ni ya mjane wa fundi saa, yule aliyekuwa na kibanda mkabala na changu. Miaka thelathini yeye anafungua saa, mimi naziba pancha, utani unavuka barabara. Sasa binti wa mjane anakuja kumchukua, wakaishi pamoja, mbali. Jumatatu ya tarehe kumi. Piano haina nafasi huko.

Haijatoa sauti tangu marehemu aende. Ina pedali mbili za kukanyaga na rola moja ya karatasi. Mjane kasema: Shemeji, karatasi hiyo aliitengeneza kwa mikono yake. Mna wimbo wangu humo, na hauko mahali pengine. Ukiiponya, Jumapili nije niusikie mara moja, kisha niende zangu.

Nikajipiga kifua: njoo. Domo langu hili litanizika.

Watu sita wameibeba. Mlango umebaki na kovu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekanyaga pedali bila karatasi, nisikie tu. Inahema kama mimi nikipanda ngazi. Nikaifungua tumbo — mifuko, mirija, mifuko tena. Kumbe ni upepo! Dude lote hili linaendeshwa na upepo, nami nimekula chumvi yangu yote nikipigana na upepo. Mfuko mkubwa umepasuka mara mbili. Msasa, solusheni, kiraka. Kama tairi la baiskeli.

Mke wangu kapita na ndoo. Kauliza mgonjwa anaendeleaje. Anapumua, nikasema.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeikagua karatasi. Nimeitandaza kutoka sebuleni mpaka chumbani. Nimetafuta wimbo mbele na nyuma. Hamna herufi hata moja. Matundu tu. Mamia! Na katikati mende mkavu, amekufa kwa shibe.

Wamekula wimbo wa watu. Ila cha ajabu, wamekula kwa mstari. Mende wa fundi saa, hata wao walifunzwa vipimo.

Mke wangu kauliza kama nina hakika na ninachotaka kufanya. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, lete mkasi. Yeye anakata viraka, mimi nabandika. Mgongo umekuwa upinde.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimaliza jana jioni. Asubuhi nimeiweka karatasi, nimekanyaga. Inateleza vizuri, hakuna kinachovuja popote. Kimya. Sielewi. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Kimya zaidi.

Nikamwita Vidole, jirani aliyepiga kinanda kwenye bendi mpaka baridi yabisi ikamstaafisha. Kaifunua karatasi, kaipapasa. Halafu kakaa sakafuni akacheka mpaka akakohoa. Kasema: Mzee mwenzangu, matundu ndiyo wimbo. Kila tundu likipita, upepo unapenya, noti inalia. Marehemu aliyatoboa moja moja. Wewe umeyaziba.

Nikauliza, yote?

Kasema, yote. Kazi safi kabisa.

Wahenga na ufa wao. Mbona hawakusema kitu kuhusu piano?

Ijumaa, 7 Machi

Karatasi dirishani, jua nyuma yake, viraka vinaonekana vyeusi. Wembe mkononi. Tundu moja moja, tangu chai ya asubuhi. Mke wangu anashika ncha ya pili na hanitukani. Hilo ndilo linanitisha.

Shida ni hii: mende nao walikula kweli. Kuna matundu ya marehemu na kuna ya mende, na mimi nimeyaziba yote kwa haki sawa. Yaliyonyooka, sawa, ni ya marehemu. Yenye kingo zilizotafunwa nimeyaacha na viraka vyake. Lakini kuna sita karibu na mwisho. Kingo safi, ila yamekaa upogo. Fundi saa hakuwahi kufanya kitu upogo, isipokuwa utani.

Mke wangu kasema nimweleze shemeji ukweli wote. Nitamweleza, nikasema.

Nimeyatoboa yote sita.

Jumamosi, 8 Machi

Inapiga. Vibonye vinashuka vyenyewe, kama kuna mtu amekaa. Nusura nikimbie, ila mkanyagaji ni mimi.

Kwenye yale sita inajikwaa, inaruka, inarudi njiani. Sijui ni wimbo au ni ajali. Vidole naye kasema hajui.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia jikoni. Nimesema nakuja kuchemsha maji.

Kaja amevaa vizuri, mkoba magotini. Nilijipanga kumweleza kabla. Nikafungua mdomo. Kasema, Shemeji, leo usiongee, kanyaga. Nikakanyaga. Katulia kama picha ukutani. Yale sita yakafika. Ikajikwaa. Mjane akacheka, kicheko cha msichana, sijawahi kukisikia kwake. Halafu kajifuta macho kwa kiganja. Kasema, hapo alikuwa ananitania. Nilishasahau kabisa kwamba wimbo una mahali hapo.

Alisahau? Au hapajawahi kuwapo? Marehemu alikuwa mtani, anaweza. Mende pia anaweza.

Binti anakuja kesho asubuhi.

Maji yamechemka zamani. Anaita: Shemeji, njoo unirudishie pale. Pale tu, halafu basi.

Mke wangu kasimama kati ya jiko na sebule. Kanionyesha mlango kwa kidevu. Sijui ananituma nikakanyage au nikaseme. Nimemuuliza kwa macho. Kanionyesha tena —