Shemeji, Wamekuwekea Dirisha Kubwa Mno

Shemeji yangu Leonidas,

Wanataka kuandika jina lako ukutani. Naanza na hilo kabla ya habari za mvua na maharage, maana najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Wewe uliyekuwa unajificha nyuma ya mlango usionekane unatafuna, leo unapewa jengo zima mjini Gitega, lenye jina lako kwa herufi kubwa upande wa barabarani. Ule undugu wetu, chama cha wanafunzi tulichokianzisha tukiwa wachache, nusu sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania na nusu ninyi mliobaki hapa Burundi, umekua. Siku hizi una wanachama wenye magari na vitambi. Umepata kiwanja, unajenga nyumba ya kukaa wanafunzi wake, na mtu mmoja mkutanoni alipopendekeza iitwe kwa jina lako, watu walipiga makofi.

Mimi nilipewa kazi moja tu, niende Muyinga nimwonyeshe Jeneroza ramani. Yeye ni mjane wako na ni dada yangu, na bila yeye kukubali, jina haliandikwi. Nikajua ni kazi ya kunywa chai na kuondoka.

Aliitandaza ramani juu ya meza yake ya kushonea, akaibana kwa mkasi upande mmoja na chupa ya mafuta ya cherehani upande wa pili. Ni nyumba nzuri, shemeji, nisiseme uongo. Kila chumba kina ufunguo wake na beseni lake la kunawia. Mbele kabisa kuna chumba cha kulia, na ukuta wake wa barabarani si ukuta, ni kioo kutoka chini hadi juu. Aliyeichora ni Fabrice, kijana wetu aliyekulia Tanzania kama mimi, na alituambia kwa fahari kwamba mpita njia atawaona wanafunzi wakila pamoja na ataujua undugu ni nini. Jeneroza akaweka kidole pale pale kwenye kioo.

"Leonidas angekula wapi humu?" akauliza.

Nikamwambia, si hapo hapo, dada, ulipoweka kidole? Akaikunja ramani taratibu kama nguo ya mteja na kunirudishia. "Ukipata jibu uje," alisema. "Mpaka hapo, jina lake waliache."

Nilirudi Buhinyuza nikiwa nimeudhika kidogo, unanijua. Lakini swali lile lilinikaa kichwani. Nikaanza kujiuliza, hivi tulikuwa tunakula wapi sisi? Na ilikuwaje mpaka tukaanza kula pamoja?

Unakumbuka kile chumba tulichopanga nyuma ya soko la Gitega? Mlango wake ulifungukia njia ya kwenda bombani, na mji mzima ulipita pale na madumu yake. Siku yetu ya kwanza nilisonga ugali, nikakaanga ndagala, dagaa kwa jina la kwetu, kwenye mbabura, lile jiko letu la makaa, nikatandika mkeka mlangoni penye hewa. Akapita mzee mmoja anasukuma baiskeli. Nikampungia mkono kwa furaha yote niliyolelewa nayo: "Karibu chakula, mzee!" Maskini, alisimama kama ameshikwa na polisi. Aliangalia ugali, akaangalia mbingu, akasema ameshiba, ameshiba sana, akaondoka mbio na baiskeli yake.

Wewe ulikuwa umejibanza ndani, uso umekuiva kwa aibu.

"We sha, unafanya nini?" ulinong'ona. "Iko unaita watu kwa chakula kama unauza? Funga mlango!"

"Nifunge mlango kwa nini? Tumeiba?"

"Mtu hakuli barabarani. Funga, quand même!"

Nikafunga kwa hasira, na moyoni nikakuandika mchoyo. Kule kambini tulikokulia, mtu aliyefunga mlango wakati wa kula alisemwa mpaka na watoto. Tulikula nje, sahani katikati, na kila aliyepita aliitwa, hata kama chungu kilikuwa hakitoshi wenyewe. Nikafikiri, nimepanga chumba na mtu wa Gishubi mwenye roho ndogo, na mwaka ndiyo kwanza unaanza.

Wiki nzima tulikula tukiwa tumenuniana. Nikifungua, unafunga. Nikihamia nje na sahani yangu, wewe unabaki ndani na yako, na ndagala zinagawanywa kama mali ya talaka. Mpaka siku ile ya mvua kubwa, bati linapiga kelele, hatuwezi kusoma wala kutoka, nikakuuliza kwa dhati, si kwa ugomvi: ninyi mnaficha chakula kwa nini?

Ulinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa suruali. Ukaniambia nyumbani kwenu Gishubi mama yako akipakua alikuwa anafunga mlango, na si kwamba alimnyima mtu. "Mtu akikuona unakula, we unamutia haya," ulisema. "Labda yeye hajakula. Sasa atafanya nini? Aombe? Aseme uongo ameshiba? Donc unamufichia, ili apite vizuri na heshima yake."

Nilimkumbuka yule mzee na baiskeli yake, anaangalia mbingu. Kumbe mimi niliyejiona mkarimu ndiye niliyemtia haya, na wewe niliyekuita mchoyo ndiye uliyekuwa unamwonea huruma. Basi nikakueleza na mimi ya kwetu, kwamba ukifunga mlango mwenye njaa anapita hajui kama kuna chakula, analala njaa na heshima yake. Ukakuna kichwa. Ukasema hilo hukuwahi kulifikiria.

"Bon," ulisema mwisho. "Tufunge nusu."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka tunamaliza chuo. Mkeka nyuma ya mlango, mlango umerudishiwa nusu. Anayepita hazioni sahani, lakini anasikia vicheko. Asiye na shida anapita zake. Mwenye hamu anabisha, na akibisha hatumuulizi kitu, tunasogea. Ni hivyo tu walivyoingia wenzetu wa kwanza, mmoja mmoja, wa Makebuko na wa Muyinga, wa kambini na wa nyumbani, mpaka mkeka ukawa haututoshi. Watu husema undugu wetu ulianzia kwenye mkutano. Mimi nakumbuka ulianzia pale kwenye mkeka.

Jeneroza naye aliingilia mlango ule ule. Alitoka Buhinyuza, kwetu tuliporejea kutoka kambini, na kikapu cha ndizi nilichotumiwa na mama, akabisha, akasukuma. Wewe ulikuwa na tonge kubwa mdomoni. Mbele ya msichana mgeni! Hukutafuna, hukumeza, ulikaa na shavu limetuna na kumjibu salamu zote kwa kutikisa kichwa. Aliniuliza nje kama rafiki yangu anaumwa jino. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mwaka uliofuata ukaniita shemeji.

Sasa rudi nami kwenye ramani. Niliitandaza tena nyumbani na kuitazama nikiwa na wewe kichwani, na maswali yakaanza kuja yenyewe. Mtoto wa Gishubi atakaa mbele ya kioo kile, madumu na baiskeli vinapita, na atainua tonge? Hatainua. Atapakua sahani yake, aende nayo chumbani, afunge kwa ule ufunguo wake mzuri. Na yule wa Tanzania atabaki mbele ya kioo peke yake, awaone wenzake wachoyo. Umeme ukikatika, mbabura itawekwa wapi? Mzazi akija na gunia la maharage kutoka kijijini, atakaa wapi wakati anasubiri? Sikupata hata kiti kimoja kilichochorwa kwa ajili yake. Sina ufundi wa kuchora hata banda la mbuzi, lakini nilizidi kushangaa. Kamati nzima iliipitisha ramani hii, na nusu yao ni watu wa kwenu. Hakuna aliyesema neno. Kwa nini?

Nikaenda Gitega kuuliza. Tulikutana katika ofisi ya mwenyekiti, na ofisi yenyewe ina dirisha pana linalotazama barabara. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, shemeji, nimeirudia njia nzima. Sikuitoa. Kabla sijafungua mdomo kikaletwa chakula, mishikaki na ndizi za kukaanga, na mazungumzo yakakatika. Watu wakaanza kujikohoza. Mwenyekiti, mzaliwa wa Gitega, akaangalia dirisha, akaangalia sahani. Dirisha halikuwa na pazia.

"Hii dirisha iko inaonesha kila kitu," alisema kwa sauti ya chini.

Akazunguka akitafuta kitu cha kuzibia. Kikubwa cha kutosha kilikuwa kimoja tu mezani. Akaichukua ramani, ile ramani ya nyumba yako, akaipandisha dirishani, na mtu wa pili akamsaidia kuibana juu na chini. Chumba kikawa na giza kidogo. Watu wakashusha pumzi, wakaanza kula kwa raha.

Mimi sikuweza kula. Jua lilikuwa linapiga nyuma ya karatasi, na chumba cha kulia cha Fabrice kilionekana vizuri kabisa, na kioo chake. Nikaanza kucheka. Nilijaribu kuzuia, nikashindwa. Fabrice ndiye aliyefuata macho yangu mpaka dirishani, na mshikaki ukabaki hewani.

"Mwenyekiti," aliuliza polepole, "mbona mmeziba?"

Mwenyekiti akafuta midomo. "Si unajua, mwana. Mtu hawezi kula namna ile."

"Na mle ndani nilimochora, wanafunzi watakulaje?"

Hapo ndipo nilipopata jibu la ule ukimya wao. Hawakupenda kioo hata siku moja. Lakini kuzungumza habari za kula mbele ya watu nako ni aibu kwao, tena mbele ya sisi wa Tanzania tunaowaita wachoyo kwa utani. Basi kila mmoja aliona heri akubali, akitumaini mwenzake atasema. Fabrice hakukasirika. Alivuta kiti karibu yao akaanza kuuliza, kwa nini, na mgeni je, na mtoto je, na wao wakaanza kusema mambo ambayo sidhani waliwahi kuyasema kwa sauti. Nami nikawasimulia habari za mlango wetu.

Chumba cha kulia kimehamishiwa ndani, kinatazama ua. Kina mlango mmoja mpana kuelekea njia, usio na kioo, na ndani pembeni kuna benchi la mzazi na gunia lake. Barazani kuna mahali pa mbabura. Kama vijana wa siku hizi watakaa pamoja au kila mtu atakula na simu yake, sijui, na natamani sana kujua. Nyumba haiwezi kumlazimisha mtu kuwa ndugu. Lakini angalau isiwafukuze mezani.

Kuna jambo sijakuambia. Tangu ulipotutoka kwa ule ugonjwa wa ghafla, Jeneroza anapokula hufunga mlango kabisa, na komeo. Msichana aliyelelewa kula nje na kuita kila mtu! Nikibisha, nasikia sahani inafichwa, maji yanamwagwa, kisha anafungua na kuniambia alikuwa analala. Nimekuwa nikiona haya kumuuliza. Nilidhani ameichukua desturi yenu tu. Siku hizi naelewa kwamba hakuwa anamfichia mtu chakula. Alikuwa haoni sababu ya kukila na mtu mwingine.

Juzi nilimpelekea ramani mpya. Hakuiwekea kidole. Aliisoma yote, akaniuliza mlango ule unafungukia wapi, nikamwonyesha. Akasema jina liandikwe, lakini si barabarani. Liandikwe ndani, juu ya mlango huo, walione wanaokula. Wamekubali. Nadhani hata wewe ungekubali, ingawa ungejifanya unakataa.

Leo asubuhi nimepita tena kwake kabla ya kurudi Buhinyuza. Nimekuta mlango umerudishiwa nusu. Sijaona sahani, shemeji. Nimesimama nje nisijue la kufanya, mkono hewani, nisiweze hata kubisha, mpaka nikamsikia kutoka ndani.

"Karibu, kaka. Ingia tule."

Nimeingia. Tumekula, na hatukuufunga.

Mimi shemeji yako,
yule wa kuita watu barabarani