Kabla Uso Haujafutwa

Kopenhageni,
2 Machi 2014

Mpendwa Dada Sidsel,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, mgongo wako haujambo, na paa la jirani Aksel mnaloliezeka kwa mwani huko kisiwani nalo halijambo? Mimi mzima, ukiacha tumbo, ambalo daktari anasema lina afya kunishinda mwenyewe.

Krismasi uliniuliza nafanya nini hasa kazini, nikakujibu mdomo umejaa. Sasa nimemeza. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta wake: damu inapita, lakini si kila kilichomo kwenye damu kinaruhusiwa kuingia ndani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sklerosi ukuta huo huvuja. Askari wa mwili wake mwenyewe huupenya na kuanza kuguguna maganda ya mishipa ya fahamu. Sisi tunamlaza kwenye mashine ya sumaku, tunamtia dawa mkononi, tunapiga picha mfululizo, tunaangalia dawa imevuja wapi na kiasi gani. Tunaowatafuta hasa ni wale ambao jicho moja limeingia ukungu kwa mara ya kwanza. Baadhi yao hawaugui tena maishani. Kwa wengine ndio mwanzo. Tunataka kujua kama ukuta unaweza kutuambia mapema nani ni nani. Bado hatujui.

Kazi yangu mimi ni ndogo. Picha huja na namba badala ya jina, lakini zina uso. Kichwa kikikatwa katikati unaona paji, pua, kidevu, vyote. Kwa hiyo kabla wenzangu hawajazipima, mimi nafuta nyuso. Miaka ishirini ya masomo na kazi, dada, na mimi ni mfuta pua.

Mdogo wako,
Troels

Læsø,
19 Machi 2014

Troels mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima wa kutosha. Baba angefurahi kusikia kwamba hatimaye umepata kazi ya usafi.

Jumapili Aksel alitimiza miaka sitini. Bendera ikapandishwa, tukaimba, tukala keki ya tabaka tatu. Nikamwuliza kwa nini ameiacha nyekundu ya bendera yake ipauke hadi imekuwa ya waridi. Akasema ameinunua Alhamisi. Wanawake wenzangu wa paa wakacheka hadi wakashikana. Gerda akaniambia nishuke huko juu, jua limenila akili. Jua la Machi, fikiria.

Mwani wa mwaka huu ni mzuri, mrefu, unasokotwa bila kulalamika. Mwezi ujao nina safari ya siku mbili huko bara, mambo ya hapa na pale.

Niambie jambo moja. Hizo nyuso, kabla hujazifuta, unaziona wewe tu au mnazungushiana?

Dada yako,
Sidsel

Kopenhageni,
1 Aprili 2014

Dada Sidsel,

Hujambo? Mimi sijambo. Ni mimi tu ninayeziona. Mwambie Aksel airudishe dukani bendera yake, rangi za siku hizi hazina aibu. Na ukiwa bara, kwa nini usipande treni ukaja hadi kwangu? Nina samaki wa siki na chupa ambayo sijaifungua kwa kukosa dada.

Mdogo wako,
Troels

Kopenhageni,
27 Mei 2014

Mpendwa dada,

Hujambo? Safari hii nauliza nikitaka jibu. Ni wiki nane tangu nikuandikie, na sijaona mstari wako.

Nimeota ndoto. Tafadhali isome kama ndoto, maana mtu hafukuzwi kazi kwa ndoto.

Nilikuwa mezani kwangu na kikombe cha kahawa. Nje theluji ilikuwa ikianguka kwenda juu. Namba thelathini na moja ikafunguka taratibu, ya kijivu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu kule ufukweni asubuhi. Kwanza paji. Halafu pua ya Baba. Sisemi inayofanana nayo. Ilikuwa yenyewe, na kile kifundo chake, na ile ncha iliyoinama kama inatafuta kitu sakafuni. Baba amekufa miaka kumi na tisa sasa. Nikamwuliza, "Baba, umefuata nini humu?" Picha ikajigeuza kidogo, na penye jino la kushoto pakawa na shimo jeusi, kwa sababu chuma huzima picha. Namjua mtu mmoja tu mwenye pua ile na jino la chuma. Alivunja lake kwa kung'ata msumari wa paa mwaka 1991, huku akinitukana nishike ngazi vizuri.

Katika ndoto hiyo kuna sheria. Ukimtambua mtu humpigii simu, humwandikii, humwulizi kitu. Nilikaa mpaka kahawa ikafanya utando. Kisha nikamwita mkuu wetu, Ingelise, nikamwambia hii sifuti mimi, huyu namjua. Akaichukua bila kuniuliza ni nani. Kwa hiyo ukuta wa namba thelathini na moja sikuuona. Kama unavuja au hauvuji, sijui.

Hapo nikaamka. Miaka yote nasoma kwamba kwa jicho linalougua hivyo nyekundu hupauka kabla ya rangi nyingine. Dada yangu mwenyewe akaniandikia habari hiyo kwa wino, nami nikamlaumu muuza bendera.

Bendera ya Aksel siku hizi ina rangi gani?

Mdogo wako mpumbavu,
Troels

Læsø,
6 Juni 2014

Troels,

Sijambo. Bendera ni nyekundu tena, tangu katikati ya Mei.

Na mimi nimeota. Kulikuwa na mwanamke mwenye jambo, akashindwa kuliandika. Alianza barua tano, na zote zikageuka kuwa habari za mwani. Akawaza: nina ndugu ambaye huona nyuso za watu kabla ya mwingine yeyote, basi nitajituma mwenyewe kama barua. Akapanda feri, akapanda treni, akalazwa kwenye bomba la mashine yao linalogonga kama mafundi walevi. Dawa ilipoingia mkononi ilikuwa baridi, ikapanda begani kama maji yanayopanda ufukweni. Akasikia bahari humo ndani, nakuapia. Akatabasamu, sauti ikamwambia asitikise uso. Jioni alipita chini ya dirisha la ndugu yake. Taa ilikuwa inawaka. Hakupanda ngazi.

Alitaka jambo hilo lishikwe na mtu wake kwanza, alijue kabla yake, halafu amwambie polepole. Huyo ndugu akalichukua akampa mgeni.

Daktari wa macho anasema huenda ikawa mara hii moja tu. Huenda pia ikawa ya kwanza. Ikiwa ya kwanza, paa nimeagana nalo. Siku hizi nikiwa juu naisikiliza miguu yangu kama mtu anayesikiliza panya darini.

Dada yako, ambaye kwa sasa hana hamu ya ndoto,
Sidsel

Kopenhageni,
15 Juni 2014

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa.

Sheria ile ni nzuri na ningeifuata tena. Lakini nisijifiche nyuma yake. Nilipomwita Ingelise nilikuwa nashukuru kwamba ipo. Niliogopa kuuona ukuta wako. Na ningeuona, ningekuambia nini? Tunachopima si ramli. Ndiyo kwanza tunauliza kama kina maana. Ningekupa hofu yangu nikiita elimu.

Niruhusu nije jioni ya Mtakatifu Yohana, tukae kwenye moto wa sikukuu na watu wote. Sitauliza kitu. Unajua naweza kunyamaza mradi nina cha kutafuna.

Mdogo wako,
Troels

Læsø,
4 Novemba 2014

Mdogo wangu Troels,

Hujambo, na hilo tumbo? Nisamehe kimya. Kilikuwa changu, hukukitengeneza wewe. Kadi zako nne zimefika, na ile ya nguruwe mwenye kofia nimeitundika jikoni.

Mwezi uliopita mguu wa kulia uliamka ukiwa wa mtu mwingine. Bahati nilikuwa kwenye ngazi ya pili tu. Gerda alinidaka kiunoni akidhani namtania. Wakanipiga picha tena, huko Aalborg, wakachota maji ya uti wa mgongo, na jana wamelipatia jambo hili jina. Nina sklerosi. Naliandika bila ndoto, na tazama, halikugeuka mwani.

Dawa nimeanza. Daktari anasema siku hizi zipo nzuri. Wewe unajua kuliko mimi. Leo asubuhi nimewaambia wanawake wa paa. Gerda na Mette wakaanza kugombania nani atapanda kileleni badala yangu. Hakuna aliyeniuliza kama naacha. Mimi nitakaa chini nisokote. "Hata ulipokuwa mzima ulikuwa unasokota ovyo," Gerda akaniambia, akanisogezea kigoda.

Ile namba yako thelathini na moja, wenzako wabaki nayo. Siitaki tena, wala sikukasirikii. Kuna kitu nataka kukuomba na nimekaa na kalamu hii tangu chakula cha mchana nikikitafuta. Sikipati.

Dada yako,
Sidsel

Kopenhageni,
Ijumaa, 7 Novemba 2014

Dada Sidsel,

Leo sikuulizi hali, nitakuja kuiona.

Barua yako imefika mchana. Nilikwenda kuomba likizo, Ingelise akatia sahihi kabla sijamaliza sentensi. Nimepanga mkoba, nimesahau soksi, nimeupanga tena. Treni ni alfajiri, feri ni mchana. Naandika kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kingine, na barua nitaitumbukiza kwenye sanduku la stesheni. Kwa mwendo wa posta yetu itafika kwako Jumanne. Mimi nitafika kesho.

Kwa hiyo mpaka tarishi aje, nitakuwa nimeshaharibu mwani wa kutosha na Gerda ameshanipa jina. Utaona mwandiko wangu, utasema huyu mjinga kaandika tena, utavaa miwani na kukaa nayo mezani.

Humu ndani hamna kitu, dada. Vyote nimekuja navyo. Ukifika mstari huu, nyanyua macho.

Mdogo wako,
Troels