Kiondo Kinachopita Mlangoni

Alhamisi, Kitengela. Baridi imeshika tangu asubuhi, mawingu yamekataa kupanda. Naandika hapa nje kwa benchi, na moyo wangu uko juu juu.

Nieleze vizuri. Mama mkwe wangu yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Sisi Wamaasai, mwanaume hakai pamoja na mama ya mke wake, wala hawali pamoja. Yeye ni Mkikuyu na hayo hayamsumbui sana, lakini mimi nililelewa hivyo, na aibu haiishi ati kwa sababu nimejenga nyumba ya mawe. Akiwa sebuleni, mimi niko benchi.

Na bado nataka anifundishe kusuka kiondo, kile kikapu cha katani cha Wakikuyu! Viungo vya vidole vyake vimeanza kuvimba, na hakuna binti yake hata mmoja aliyetaka hiyo kazi. Wambui, mke wangu, ndiye alikataa kabisa. Husema alichapwa sana utotoni juu ya viondo, hataki hata kuviona.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hivyo nilichora mpango kwa karatasi ya miraba: mistari myeusi, mistari myekundu, kila mzunguko umehesabiwa. Halafu nikaanza kitako. Wueh! Kilitoka kimevimba kama kofia ya mlevi.

Nikampa Wambui ampelekee mama yake. Kilirudi kimefumuliwa chote na kuanzwa upya, mizunguko minne, bapa kama sahani. Nilikitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Tangu hapo kinaingia na kutoka. Nasuka mizunguko miwili, Wambui anakibeba ndani. Kikirudi, kila nilipokosea pamefumuliwa, na mwanzo wa mstari ameuacha wazi ili nione nyuzi zinavyopishana. Maneno hakuna. Jana tu ndio alituma moja: "Mwambie bwana yako hii si kamba ya ng'ombe, asivute hivyo." Nilicheka peke yangu.

Wambui naye analalamika kwamba tumemfanya tarishi kwa nyumba yake mwenyewe.

Leo kimerudi na mzunguko nisioujua.

Mizunguko yangu hukaza mno. Ya mama mkwe hulala sawasawa, hata na vidole vile. Huu umelegea hapa, umekaza pale, ni mkono wa mtu aliyeacha kitambo. Nikainua macho. Wambui alikuwa amesimama mlangoni anaangalia barabara, na nyuzi mbili tatu za katani zimeshika kwa sweta yake.

"Usiniulize," akasema.

Nikarudisha macho kwa kiondo.

Miaka kumi na moja tumeoana, na sikujua mikono yake bado inajua hivyo. Nilidhani yule mama ananifundisha mimi. Labda alikuwa ananifundisha, lakini alijua pia nani anakibeba.

Jumamosi mama mkwe anarudi kwake. Kikiisha, nitakipeleka Kajiado mama yangu akitie mkanda wa ngozi.

Nimeukagua ule mzunguko wa Wambui kama daftari la mtoto. Uko na makosa matatu. Mama mkwe, ambaye hajaniachia kosa hata moja, haya yote ameyaacha.

Kesho asubuhi nasuka mzunguko wangu juu ya wake, na sitavuta.